Nimepigwa mara 11 mfululizo na kompyuta kwenye Battle for Wesnoth. Inaniibia au mimi ndiye mbovu?

DadaWaKopi, Makambako

Wakuu, habari za usiku. Naombeni msaada. Mkitaka kucheka chekeni, ila mtu akicheka ajibu pia.

Nina steshenari ndogo hapa Makambako, karibu na stendi. Natoa kopi, naprinti, nafanya laminesheni na picha za pasipoti, naandikia watu barua za kuomba kazi. Asubuhi wateja wanapanga foleni, ila kuanzia saa nane mchana panapoa kabisa, unabaki wewe na mashine na baridi ya huku kwetu. Mwaka jana kijana mmoja aliyekuja kuprinti ripoti ya mafunzo yake alinikuta nimeduwaa, akaniwekea huu mchezo kutoka kwenye flashi yake. Ni wa bure, hauli bando, na unakwenda hata kwenye hii kompyuta yangu ya RAM ya GB 4, ambayo ukiifungulia PDF yenye picha nyingi inanguruma kama mashine ya kusaga.

Nilichokipendea ni kwamba ni mchezo wa zamu. Napanga askari wangu, mteja akiingia nawaacha wote wamesimama pale pale, natoa kopi zangu thelathini, nikirudi hakuna aliyenisogelea. Ile michezo ya kukimbizana siiwezi. Mtu akiuliza tu bei ya kufunga ripoti nimeshakufa.

Sasa kinachoniumiza. Nacheza ramani ya watu wawili inayoitwa The Freelands, mimi na kompyuta, dhahabu 100 kila upande. Mimi huwa nachukua Loyalists, watu wa mfalme, wenye mikuki na farasi, kwa sababu ndio wanaoeleweka. Kompyuta naipa Undead, jeshi la wafu: mifupa yenye mashoka, misukule, popo, na wale vijana wa kanzu nyeusi wanaorusha baridi. Niliwachagua wafu makusudi, nikijua nikiwaua sipati dhambi.

Nimekula vichapo 11 mfululizo. Idadi naijua kwa sababu nachora vijiti ukurasa wa mwisho wa kaunta buku la mauzo. Juzi mume wangu alikuwa anakagua hesabu, akauliza hawa wateja 11 wanaodaiwa ni akina nani.

Mechi ya jana ilikwenda hivi. Nikasajili wenye mkuki saba. Mmoja ni dhahabu 14, jumla 98. Nikakimbia nao katikati nikachukua vijiji vyangu mapema, vizuri kabisa. Zamu ya nne tukaonana. Zamu ya tano nikamtuma wangu mmoja, mzima kabisa, uhai 36, ampige mfupa mmoja. Akapiga mara tatu na zote tatu zikaingia. ZOTE. Uhai wa mfupa ukashuka kutoka 34 hadi 28. Yaani mikuki mitatu kifuani imepunguza 6! Mfupa nao ukajibu: 9, 9, 9. Askari wangu akabaki na 9. Ilipofika zamu yao msukule ukaja ukammalizia, halafu (hii ndiyo iliyonitoa machozi) akainuka akiwa upande wao. Mtu niliyemlipia dhahabu 14 amekuwa msukule wa adui na ananijia mimi.

Kuna siku nilimnunua mganga, yule wa moto, dhahabu 20. Ameandikiwa asilimia 70 ya kupata. Akarusha mara tatu, mara tatu akakosa. Asilimia 70 gani hiyo?

Swali langu ni moja. Hii kompyuta inaiba bahati, au kuna kitu sikijui? Nawasilisha.

---

kijana_wa_mwanjelwa

Dada mbona rahisi. Weka dhahabu yako 300, yenyewe ipe 50. Utashinda mpaka uchoke 😂

Halafu usijisikie vibaya, Kasparov mwenyewe, bingwa wa chesi, alipigwa na kompyuta mwaka 1997, sembuse wewe mwenye foleni ya kopi.

---

DadaWaKopi

Mdogo wangu, hilo nilishalijaribu mechi ya tisa. Niliweka yangu 200 na yao 100, nikapigwa. Kilichobadilika ni kwamba nilikufa na watu wengi zaidi.

---

mzee_wa_kete, Tanga

Binti, shikamoo zangu nimeziona kwa adabu ya uandishi wako, marahaba.

Kabla sijasema lolote nataka ufanye jambo moja. Mchezo ukiwa wazi, ingia kwenye menyu, kuna sehemu ya takwimu. Hapo utaona madhara uliyoyafanya na, pembeni yake, madhara ambayo ungetarajiwa kuyafanya kwa asilimia ulizokuwa nazo. Chini yake yamo uliyofanyiwa wewe, kwa mtindo huo huo. Pakia ile mechi ya jana uliyoihifadhi, soma namba hizo, uje uniambie. Usinijibu kwa hisia.

Nakuuliza hivi kwa sababu mimi nimecheza drafti chini ya mwembe tangu nikiwa bandarini, na sijawahi kumwona mtu aliyefungwa akasema kilichomfunga ni mkono wake. Ni jua lilimpiga machoni, ni kizibo cha soda kiliteleza, ni yule aliyesimama nyuma anapumua. Na kwenye drafti hakuna bahati kabisa! Sasa mchezo wenye asilimia ndani yake, huo ndio mtu anaweza kulia nao mpaka uzeeni.

Mganga wako kukosa mara tatu: kila mara ana asilimia 30 ya kukosa. Zidisha 0.3 mara tatu, unapata 0.027. Ni kama mara moja katika kila 37. Umecheza mechi ngapi? Basi ilikuwa lazima siku moja ikukute. Zile alizopata tatu kwa tatu hukuzihesabu, kwa sababu hazikukuuma.

---

DadaWaKopi

Shikamoo mzee. Nimefungua.

Madhara niliyotarajiwa kufanya ni 71. Niliyoyafanya ni 78.
Niliyotarajiwa kufanyiwa ni 164. Niliyofanyiwa ni 159.

Yaani bahati ilikuwa YANGU, huku na huku, na bado nimepigwa. Nimekaa kimya hadi mteja akaniuliza kama nimefiwa.

---

mzee_wa_kete, Tanga

Pole. Afadhali umejua leo.

Sasa tazama namba hizo vizuri. Achana na tofauti ya 71 na 78, tazama 71 na 164. Hata kama kila kitu kingekwenda kwa haki, wewe ulikuwa unapiga 71 na kupigwa 164. Mechi uliipoteza kwenye karatasi kabla asilimia haijafanya kazi yake. Na sababu ziko mbili tu kwa ninavyoona: saa uliyofika, na silaha uliyobeba.

Saa kwanza. Huo mchezo una zamu sita kwa siku: alfajiri, asubuhi, alasiri, magharibi, kisha zamu mbili za usiku. Watu wa mfalme wengi ni wa mchana. Asubuhi na alasiri wanaongezewa robo ya nguvu, usiku wanakatwa robo. Wafu ni kinyume chake. Mechi yako ikianza alfajiri, zamu ya nne ni magharibi na ya tano ni usiku. Umesema mwenyewe: mmeonana zamu ya nne, umeshambulia ya tano. Umekimbia mbio zote hizo ili uwahi kufika saa ambayo wewe ni dhaifu na wao wana nguvu. Mtu anayekimbilia kwa adui yake magharibi alale wapi?

Silaha sasa. Mfupa unazuia asilimia 60 ya mkuki. Ni mifupa, mkuki unapita kati ya mbavu. Mkuki wako ni 7. Usiku unabaki kama 5, halafu katika hiyo unatolewa asilimia 60, zinabaki 2. Mbili mara tatu ni sita. Ndiyo ile 6 yako! Hakuna aliyekuibia, hesabu imetimia hadi ya mwisho. Shoka lao ni 7, usiku likaongezwa robo likawa 9. Tisa mara tatu, 27. Na yule wako alikuwa nyikani, mahali anapopatwa kwa asilimia 60. Angekuwa kijijini wangempata kwa asilimia 40, na hata angekufa asingeamka msukule, maana anayefia kijijini hageuzwi.

Mfupa unaogopa vitu viwili unavyoweza kuvinunua leo hii: rungu na moto. Vyote viwili vinauongezea maumivu asilimia 20. Wenye rungu unao, wale waliovaa chuma mwili mzima, dhahabu 19. Asubuhi rungu lao linampiga mfupa 16, na wanapiga mara mbili. Mganga wako wa moto, asubuhi, ni 10 mara tatu. Fanya hesabu mwenyewe, mfupa una uhai 34.

Nakuonya lakini, usije ukanunua marungu matupu kama ulivyonunua mikuki mitupu. Wale wa kanzu nyeusi wanarusha baridi, na baridi inaingia kwenye chuma vizuri sana. Usiku kijana mmoja anampiga mwenye rungu 14 mara mbili, kwa asilimia 70. Hao watafutie farasi, au mikuki yako mchana. Hawana silaha ya mkononi hata moja. Ukiwafikia, unawapiga nao wamesimama wanakutazama.

---

fundi_msimbo, Dodoma

Nimekuwa nasoma kimya kimya, ila hapa kwenye mikuki saba ninalo la kuongeza.

Mchezo huu ni wa chanzo huria, ulianzishwa na David White mwaka 2003, na msimbo wake wote, yaani maandishi yanayouendesha, uko wazi. Mwenye wasiwasi kwamba kompyuta inaiba asilimia anaweza kwenda kutazama mwenyewe. Kete ni moja kwa wote wawili.

Kaka wa Mwanjelwa ametaja Kasparov. Ile ya IBM iliyompiga, Deep Blue, ilikuwa inapitia mikao kama milioni 200 kwa sekunde, ikitazama mbele zamu nyingi. Hii ya kwako dada haitazami mbele hata zamu moja. Kila ikifika zamu yake inajiuliza orodha ya maswali: kuna pesa ya kusajili? kuna shambulio la kufanya sasa hivi? kuna kijiji cha kuchukua? kuna wa kwenda kupona? Likijibika moja inalitenda, kisha inauliza tena kuanzia juu, mpaka yaishe. Haina mpango wa kesho. Haijui kwamba kesho kuna asubuhi.

Ila kuna mahali inatumia akili, na ndipo ulipokwama. Kwenye kusajili, inatazama askari ulionao na kupima nani kati ya wake atawafaa zaidi. Umeonyesha mikuki saba mitupu. Kwa swali hilo jibu la kundi la wafu ni moja: mifupa. Ungechanganya, nayo ingelazimika kuchanganya. Kwa lugha nyingine, ule ukuta wa mifupa uliouona uliuagiza wewe.

Udhaifu wake upo kwenye kupima shambulio. Kuna kipimo cha ukali ambacho kwa kawaida kimewekwa 0.4. Kikiwa 1, isingejali kabisa askari wake wakifa, ingetazama madhara inayokufanyia tu. Kwa 0.4 inajali, lakini bado inakuja, na mara nyingi inakuja mmoja mmoja kadiri wanavyofika. Aliye karibu anapiga leo, wa nyuma yake anafika kesho. Ukiweka mtu mgumu mbele watamrukia usiku kucha. Ukiweka mtu mgonjwa mbele, watavunja hata mstari wao wamfuate. Na kiongozi wao naye akiona nyama karibu anatoka ngomeni. Kiongozi akifa mechi imekwisha, hata kama wana askari ishirini.

---

BintiMvita, Mombasa

Pole dadangu. Mimi na kakangu tumeanza na wafu hao hao, na tumelia.

Wacha nikwambie jambo moja ambalo hawa waungwana wamelipita, wao wanapenda hesabu. Jifunze kurudi nyuma. Sisi tulikuwa tunaona aibu. Askari akichukua kijiji twamganda hapo hapo, tukiona kumwondoa ni kushindwa, mpaka afe. Kumbe kijiji champonya uhai 8 kila zamu, na sumu chaikata. Basi aliyeumia mrudishe kijijini alale, mzima aje mbele. Usiku ukiingia, jeshi lote lirudi hatua mbili tatu. Wafu watakufuata, na wakikufikia ni alfajiri. Hapo geuka.

Lingine: askari wa ngazi ya kwanza na kuendelea humzuia adui anayepita vigae (vile vyumba vya ramani) vinavyomgusa, lazima asimame. Kwa hivyo huhitaji ukuta wa watu waliobanana. Acha nafasi ya kigae kimoja au viwili kati yao na hapiti mtu. Watu wanne wafunga njia ndefu. Tulipokuwa tukiwabananisha kama abiria wa matatu, wale wa pembeni wakizungukwa tu.

Na huku kwetu si drafti mzee wangu, ni dama 🙂

---

mzee_wa_kete, Tanga

Dama ni ya kwenu, kufungwa ni kwenu pia. Njoo Tanga.

Binti Mvita amesema kweli kuhusu kurudi nyuma. Nilikuwa nalifikia.

---

DadaWaKopi

Wakuu nimerudi. Siku tano zimepita. Nilikuwa na fomu za shule, kopi juu ya kopi, nikawa nacheza zamu mbili tatu kwa siku.

Mechi ya 12 nimepigwa. Nilinunua kama mlivyosema: marungu mawili, mganga mmoja, farasi mmoja, mkuki mmoja, jumla 89. Kosa langu ni kwamba mganga nilimweka mbele kwa sababu nilikuwa na hamu naye. Uhai wake ni 24. Mfupa mmoja usiku mmoja, 9, 9, 9. Sina la kusema.

Mechi ya 13. Hii naomba mnivumilie niieleze yote, maana nyumbani hakuna anayetaka kunisikiliza.

Nikanunua vile vile. Zamu ya nne, magharibi, nikafika kwenye vijiji vya upande wangu nikasimama. Wakuu, kusimama ni kazi! Mbele yangu kuna kijiji kitupu, hatua tatu tu, hakina mwenyewe. Mkono wangu uko kwenye mausi. Nikaenda kuchemsha chai nisikiguse.

Zamu ya tano wakaja. Mifupa miwili ikamrukia mwenye rungu wa kwanza. Nilifumba macho. Nikasikia ile milio ya chuma, nikafumbua: amepigwa 4, 4, akakoswa, tena 4. NNE! Shoka lile lile lililokuwa linakata mikuki yangu tisa tisa! Na yeye kwenye kujibu akampiga mmoja 10. Usiku huo. Nikasimama kwenye kiti. Kulikuwa na mama mmoja anasubiri picha za pasipoti, nikamwomba radhi.

Zamu ya sita kijana wa kanzu nyeusi akafika, akamrushia baridi, mbili zote zikaingia, 28. Hapo nikakumbuka onyo la mzee. Zamu ya saba, alfajiri, nikamrudisha kijijini alale kama alivyosema dada wa Mvita, nikamleta wa pili.

Zamu ya nane. Asubuhi. Nilisoma neno hilo juu ya skrini mara mbili. Mwenye rungu wa pili akaenda kwa mfupa ulio mzima. 16. 16. Umebaki na uhai 2, unaning'inia. Nikatazama nani yuko karibu wa kuumalizia, na aliyekuwa karibu ni mwenye mkuki mmoja tu niliyemnunua kwa kuwa dhahabu ilikuwa inabaki. Yule niliyekuja kumtukana hapa. Asubuhi mkuki wake kwa mfupa ni 4. Pigo la kwanza kakosa. La pili kakosa. La tatu likaingia, mfupa ukaanguka chini vipande vipande.

Farasi akampata yule wa kanzu nyeusi mchana kweupe, naye kweli alisimama tu anatazama. Mzee, umesema ukweli, wanatia huruma.

Usiku wa pili nikarudi nyuma tena, wakanifuata wachache zaidi. Asubuhi yake nikasogea mpaka karibu na ngome yao. Farasi wangu alikuwa mgonjwa, amebaki na uhai 11, nikawa nimemsahau pembeni pale, siwadanganyi, sikupanga mtego wowote. Kiongozi wao akamwona. Akatoka. Akaacha ngome, akaja nyikani kumpiga farasi mgonjwa, akamuua, na akabaki amesimama pale peke yake saa ya alasiri, zamu ya 15, na mganga wangu hatua nne kutoka kwake.

Kabla ya kubonyeza nilifungua kidirisha cha mchezo cha kukokotoa mapigo, nikaona nafasi zote za kupata na kukosa zimeandikwa. Nikabonyeza. Moto wa kwanza ukaingia. Wa pili ukaingia. Wa tatu ukaingia. Mkuki ukaja, nao ukampata mara mbili. Mwenye rungu akafika akihema, akampiga moja la kichwa.

Ikaandikwa ushindi. Nimepiga picha skrini kwa simu kwa sababu nilisahau kwamba kompyuta yenyewe inaweza kupiga picha ya skrini, kazi ambayo nafanyia watu kwa shilingi mia tano.

Kwenye kaunta buku sikuchora kijiti, nimechora duara.

---

kijana_wa_mwanjelwa

Hongera dada! Ila takwimu ulifungua? Bahati ilikuwa ya nani?

---

DadaWaKopi

Nilifungua. Nilitarajiwa kupiga 203, nimepiga 190. Bahati ilikuwa ya kwao. Na hilo ndilo limenifurahisha kuliko ushindi.

---

fundi_msimbo, Dodoma

Safi sana. Sasa usizoee. Iache kompyuta ipewe kundi bila mpangilio, makundi yapo sita, wafu umeshawazoea.

---

DadaWaKopi

Mdogo wangu wa Dodoma, Mungu anakuona.

Leo nimefanya ulivyosema. Nikaacha kundi lao lichaguliwe bila mpangilio, na kwa kujiamini kwangu nikasajili zamu ya kwanza bila hata kutazama nimepangiwa nani: marungu matatu, waganga wawili. Dhahabu 97. Nikasimama kwenye vijiji vyangu magharibi, nikatulia, nikasubiri mifupa ije.

Haikuja mifupa. Yalikuja majoka. Yanaruka juu ya mto, juu ya milima, hayajali njia, ule uzio wangu wa kigae kimoja kimoja sijui yanauzunguka, yanatokea nyuma. Yanatema moto. Waganga wangu wakarusha moto wao kwa majoka, na majoka yanazuia nusu ya moto! Marungu nayo yanapunguzwa. Nikasema sawa, ngoja asubuhi ifike, asubuhi ni yangu. Asubuhi ikafika na majoka yakaongezeka nguvu. Kumbe nayo ni ya mchana!

Zamu ya tisa nilikuwa sina mtu. Tafadhali niambieni joka linaogopa nini.

---

mzee_wa_kete, Tanga

Binti. Baridi, ambayo kundi lako halina. Halafu mkuki. Majoka mengi yanaongezewa maumivu asilimia 20 kwa mkuki, na kwa ukubwa wake hayajui kukwepa. Mwenye mkuki akishambuliwa anatangulia kupiga yeye. Mikuki saba ya dhahabu 98 ilikuwa ndiyo dawa yake.

---

DadaWaKopi

Nimesoma jibu lako mzee, nikafunga kompyuta, nikafunga na duka.

Kijiti cha 13 nimekichora. Mume wangu ameuliza huyu mdaiwa mpya ni nani. Nimemwambia anaitwa Joka.